Faraja Katikati ya Dhiki: Imani ya Watumwa Waliokombolewa Katika Pwani Yetu

Wahenga walisema, "Baada ya dhiki faraja." Ni methali ya subira, nayo imewatuliza wengi. Lakini msomaji akiitazama kwa makini ataona kwamba imeviweka vitu hivyo viwili mbali mbali: dhiki kwanza, faraja baadaye, na katikati yake ni kungoja. Katika historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki wako watu ambao maisha yao hayakufuata mpango huo. Hao ni wanaume, wanawake na watoto waliotolewa katika utumwa katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, wakakusanywa katika misheni za Unguja, Bagamoyo na Mombasa, na wengi wao wakawa Wakristo. Dhiki yao haikwisha siku walipofunguliwa minyororo. Hata hivyo waliimba, walioana, walisherehekea sikukuu zao, na wakawa na la kuwapa wengine. Insha hii yakusudia kueleza furaha hiyo ilitoka wapi, na ina maana gani katika utamaduni wetu.

Yafaa kwanza tuyapambanue maneno. Lugha yetu ina raha, ina starehe, ina furaha, na ina faraja. Raha na starehe ni mambo ya mwili na makazi: mtu ameshiba, amepumzika, wala hana wa kumsumbua. Furaha ni ya moyo, nayo yaweza kumjia hata aliyekosa raha. Faraja asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kufunguka kwa jambo lililobana. Ni kama dirisha linalofunguliwa katika chumba chenye kiza: chumba ni kile kile, kuta ni zile zile, ila sasa hewa inapita. Watu tunaowazungumza hawakupata raha nyingi. Walichopata ni faraja, na ndani ya faraja wakaipata furaha.

Waliyoyapoteza

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa. Mkataba huo haukuufuta utumwa wenyewe. Unguja hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika miaka hiyo ya katikati, na hata kabla ya mkataba, manowari za Kiingereza ziliyakamata majahazi yaliyobeba watumwa, na watu waliokutwa humo wakakabidhiwa kwa misheni. Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Kanisa la Anglikana, ilianza kazi Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, na miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotoka utumwani. Mapadre wa Roho Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, waliokuwa wamekwisha kufika Unguja, walijenga Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Karibu na Mombasa misheni ya Kianglikana ilianzisha mji wa Frere Town mwaka 1875.

Tunayo bahati ya kuwa na ushahidi wa baadhi ya watu hao wenyewe. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu wa Kiungani huko Unguja, alichapisha kwa Kiingereza masimulizi ambayo wanafunzi wake walikuwa wameyaandika kwa Kiswahili juu ya maisha yao. Baadaye, mwaka 1934, James Mbotela, aliyezaliwa katika jamii ya Frere Town, alitoa kitabu chake kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Ukiyasoma maandishi hayo utaona njia ile ile ikirudiwa. Mtoto anatekwa vitani, au anaibwa njiani, au anatolewa kwa deni au kwa njaa. Anauzwa mkono kwa mkono, kila mara akizidi kuwa mbali na kwao. Anafika pwani, anapakiwa jahazini. Na manowari inapotokea anajazwa hofu mpya, kwa maana ameambiwa kwamba Wazungu hula watu. Hata siku ya kuokolewa kwake, basi, ilikuwa siku ya kutetemeka.

Mtu huyo alikuwa amepoteza wazazi, amepoteza kijiji, na mara nyingi alikuwa akiipoteza lugha ya mama yake. Wengi walipoteza hata jina. Mabwana waliwapa watumwa majina mapya, na ajabu ni kwamba mengi yalikuwa majina ya heri: Mabruki, yaani aliyebarikiwa, Baraka, Majaliwa, Farajallah, yaani faraja ya Mungu. Mtumwa aliitwa kila siku kwa jina la furaha ambayo hakuwa nayo.

Wala misheni haikuwa bustani ya raha. Kipindupindu kiliua watu wengi Unguja na pwani mwaka 1869 na 1870. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliivunja mikarafuu ya Unguja na kuyabomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo. Homa haikumwacha mgeni wala mwenyeji. Waliokombolewa walilima, walibeba mawe, walichoma chokaa, na walizika watoto wao.

Swali la wanafunzi

Mwalimu anayefundisha habari hizi hukutana na swali, nalo ni swali la haki. Wanafunzi huuliza: Je, dini haikuwa namna ya kuwalevya watu hao, wayasahau mateso yao na kuwatii mabwana wapya? Swali hili lisijibiwe kwa hasira, wala kwa kulikwepa. Litajibiwa kwa kutazama furaha yao ilifanya kazi gani. Kileo humtoa mtu katika maisha yake na kumwacha mpweke. Je, imani iliwafanya hivyo watu hawa? Nadhani tukichunguza mambo matatu tutapata jibu: lugha yao, udugu wao, na kazi yao.

Jambo la kwanza: lugha na wimbo

Waliokusanywa misheni walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wabisa, Wazigua na wengine wengi. Hawakuelewana kwa lugha zao za kuzaliwa. Lugha waliyokutana nayo ilikuwa Kiswahili, na wengi wao walikuwa wamekisikia kwanza kama lugha ya amri: inuka, beba, nyamaza. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja pamoja na Tozer mwaka 1864, alifanya kazi kubwa ya kuandika na kutafsiri kwa Kiswahili cha Unguja, na vijana waliokombolewa wakafundishwa kupiga chapa. Biblia nzima kwa Kiswahili hicho ilitoka mwaka 1891, baada ya Steere kufariki mwaka 1882. Sala, zaburi na nyimbo zikapatikana katika lugha ambayo wote waliweza kuisema kwa pamoja.

Hapa ndipo faraja ilipoanza. Lugha ya amri ikawa lugha ya kuomba. Mtu aliyezoea kunyamazishwa kwa Kiswahili sasa alitakiwa apaze sauti kwa Kiswahili, na jirani yake wa kabila jingine akamwitikia. Walisikia katika lugha hiyo habari za wana wa Israeli waliotoka utumwani Misri. Walisikia habari za Paulo na Sila waliofungwa gerezani, miguu imetiwa katika mkatale, nao wakaimba usiku wa manane. Walisikia kwamba barua ya Paulo kwa Wafilipi, ambayo imejaa neno furaha kuliko barua zake nyingine nyingi, iliandikwa na mfungwa. Mtu aliyewahi kufungwa hana haja ya kufafanuliwa habari hiyo.

Kama mtunzi wa mashairi sina budi kusema kwamba nyimbo zile hazikuwa kamilifu. Tuni zilitoka Ulaya. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na tuni ya kigeni haikujali hayo. Mara nyingi mkazo uliangukia pasipo pake, na neno likapinda. Sikio lililolelewa kwa vina na mizani husikia kasoro hiyo upesi. Walakini wimbo wenye kasoro ulioimbwa na watu mia moja waliokuwa wamepotezana na jamaa zao ulikuwa na kazi ambayo shairi kamili lililofungiwa kabatini halina.

Nyimbo hizo zilisafiri. Tarehe 31 Januari 1885, katika Buganda, wavulana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Taarifa za wamisionari waliokuwako huko zasema kwamba waliimba wimbo wa sifa, na maneno yaliyoandikwa katika taarifa hizo ni ya Kiswahili. Basi wimbo uliokuwa ukiimbwa na waliokombolewa pwani ulifika Ziwa Viktoria Nyanza, ukawa faraja ya watoto waliokikabili kifo.

Jambo la pili: udugu

Katika desturi zetu mtu asiye na ukoo ni kama mti usio na mizizi. Nani atamposea? Nani atamlilia? Nani ataliita jina lake akifa? Mtumwa aliulizwa maswali hayo na maisha yenyewe, wala hakuwa na jibu. Simulizi la Swema, msichana wa Kiyao, lililoandikwa na wamisionari Wakatoliki, laonyesha jambo hilo kwa namna ya kutisha. Mama yake alikufa njiani katika msafara. Yeye alifika Unguja akiwa hoi, akaonekana hana faida, akafukiwa katika kaburi la juu juu kabla hajakata roho. Aliokolewa na mpita njia, akapelekwa kwa watawa wa misheni, nao wakamwuguza.

Mtu aliyetupwa namna hiyo akibatizwa, akapewa wazazi wa ubatizo, akaitwa ndugu na dada, hakupata mafundisho tu, alipata ukoo. Katika vijiji kama Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, waliokombolewa waliozwa, wakapewa viwanja na mashamba, wakazaa watoto ambao hakuna aliyeweza kuwauza. Arusi ilikuwa na mashahidi. Mazishi yalikuwa na wimbo, na jina la marehemu lilitajwa mbele ya watu. Kwetu sisi mambo haya ni ya kawaida. Kwao yalikuwa furaha kubwa, kwa sababu walijua maisha yasiyo nayo.

Kanisa la Mkunazini latufundisha jambo hilo kwa mawe. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa, na mahali pale pale pa soko. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Mapokeo yasema kwamba altare ilijengwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Waumini hawakukimbia mahali pa maumivu yao wakajenga kwingine penye upepo mzuri. Walisimama pale pale, wakaimba.

Jambo la tatu: kazi

Furaha ya kupokea tu huchakaa upesi. Furaha ya hawa ilidumu kwa kuwa walipewa, nao wakatoa. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kundi la waliokombolewa kutoka Unguja kwenda bara kwa njia ya Lindi, kwa nia ya kuwarudisha karibu na nchi zao za asili. Walifika Masasi, wakaipenda ardhi, wakakaa. Mwaka 1882 kijiji chao kilishambuliwa na Wangoni waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara. Baadhi waliuawa, wengine walitekwa tena, na misheni ikahamia Newala. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, majengo ya misheni ya Masasi yaliteketezwa. Mara zote mbili kazi ilianzwa upya.

Kutoka miongoni mwa waliokombolewa walitoka walimu na makasisi. John Swedi, mmoja wa vijana wa mwanzo wa Unguja, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyesoma Kiungani na kisha Uingereza, alifundisha Chitangali katika nchi ya kusini, na mwaka 1890 alipewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kuwa kasisi. Jina Majaliwa, ambalo lingeweza kuwa kumbukumbu ya utumwa, likawa jina la mtu aliyeitwa Padre kwa heshima.

Lakini hapana budi tuangalie tusije tukawapaka rangi moja tu, rangi ya furaha. William Jones, Myao aliyekombolewa na kulelewa katika misheni huko India, alirudi Afrika mwaka 1864, akatumika Rabai karibu na Mombasa, akawa shemasi mwaka 1885. Mwaka huo alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885, na Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia kurudi pwani. Walipoingia Rabai mwezi wa Februari 1886 walibeba bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno Ikabodi, neno la Biblia linaloomboleza kwamba utukufu umeondoka. Hawakuja wakijifanya wenye shangwe. Imani yao ilikuwa na nafasi ya kilio, na kilio kile hakikuiua furaha yao, bali kiliilinda isigeuke kuwa uongo.

Rabai hiyo hiyo ndiyo iliyowahifadhi watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao. Mabwana walidai warudishiwe, na mambo yakakaribia vita. Mwisho fidia ilikubaliwa, na tarehe 1 Januari 1889 zilitolewa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika Rabai na misheni nyingine za pwani ile. Bendera ya maombolezo na hati za uhuru zilifika mahali pamoja, kwa watu wale wale, katika muda wa miaka mitatu.

Kasoro zisifichwe

Mwanahistoria asiyetaja kasoro ni mwimba sifa. Misheni zilikuwa na ubwana wake. Huko Frere Town, mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi mmoja Mzungu alishutumiwa kwa kuwachapa viboko na kuwafunga watu walioletwa pale wawe huru. Waliobatizwa walipewa majina kama Cecil, William na James, kana kwamba hapakuwa na jina la Kiafrika linalofaa kutajwa mbele ya Mungu. Ngoma zilitazamwa kwa mashaka. Wako waliochoka na amri hizo, wakaondoka kwenda kujitafutia maisha mjini au mashambani.

Aidha, tusiseme kwamba Ukristo peke yake ulikuwa mlango wa faraja. Watumwa wengi wa pwani walikuwa Waislamu au wakasilimu, nao wakapata katika dini yao heshima na udugu. Mfano ulio wazi ni Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyeletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa, akasoma, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria mpaka alipofariki mwaka 1931. Katika mji mmoja wa Bagamoyo sauti ya kengele na sauti ya zikri zote mbili zilitoka katika vifua vya watu waliokuwa wakitafuta jambo moja.

Jibu na urithi

Sasa twaweza kulijibu swali la wanafunzi. Imani inapomwambia mtu anyamazie dhuluma kwa sababu atalipwa mbinguni, hapo swali lao lina nguvu, na msimamizi yule wa viboko ni ushahidi wao. Lakini furaha tuliyoiona Mkunazini, Mbweni, Masasi na Rabai haikuwalaza watu. Iliwapa lugha ya pamoja wale waliokuwa hawaelewani. Iliwapa ukoo wale waliokatwa na koo zao. Iliwatuma barani kuwa walimu, na ikawapa ushujaa wa kuwaficha watoro. Kileo hakifanyi hayo. Furaha hiyo ilikuwa kazi iliyofanywa na watu wengi kwa pamoja, siku baada ya siku, na ingekufa kama wangeiacha.

Urithi wake tunao. Kiswahili kilichoandikwa na kupigwa chapa katika misheni zile kilichangia kuenea kwa lugha hii barani, sambamba na misafara, biashara na madrasa. Katika muziki, kasoro niliyoitaja ya tuni na mkazo ilianza kushughulikiwa na Waafrika wenyewe. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania aliandika kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, na kwaya zetu zikaingiza ngoma na sauti za kikwetu. Hata Wimbo wa Taifa wa Tanzania una asili ya namna hiyo: tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika ya Kusini, katika nchi ambayo watu wake walikuwa wakinyang'anywa ardhi na heshima. Ombi lililoimbwa katika dhiki likawa wimbo wa mataifa huru.

Kwa hiyo walimu wasiwafundishe vijana kwamba mateso ni mema. Utumwa ulikuwa uovu, na hakuna wimbo unaoweza kuutakasa. Wawafundishe kwamba binadamu aliyenyang'anywa karibu kila kitu aliweza kubakiza kitu kimoja, nacho ni uwezo wa kumwimbia Mungu wake pamoja na jirani yake. Na kwa kukitumia kitu hicho akayapata mengine upya: lugha, ndugu, jina na kazi. Wanafunzi waliopo Masasi, Bagamoyo, Unguja au Rabai wanaweza kwenda kwa wazee wa huko wakawauliza juu ya nyimbo za zamani na majina ya mababu, wakayaandika kabla hayajapotea.

Methali ya wahenga inabaki na ukweli wake kwa wale wanaoweza kungoja. Waliokombolewa hawakuwa na hakika kama dhiki yao ingekwisha. Hawakuingoja ipite ndipo wafurahi. Waliitafuta faraja mle mle ndani yake, wakaipata, wakagawiana.